Chepe, mashine au gari: zege la nyumba yako lichanganywe wapi?

Swali hili mara nyingi huulizwa likiwa limechelewa. Nondo za slabu zimeshasukwa, mirunda imesimama, fundi anataka kumwaga Jumamosi, na mwenye nyumba bado anapiga simu kuulizia bei. Mmoja anamshauri akodi mashine. Mwingine anamwambia aite gari la kiwandani amalize kwa saa mbili. Saidia fundi nao wanasema wako tayari kwa machepe, kama walivyofanya kwenye msingi. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, ila kila mmoja kwa sehemu yake ya nyumba ileile.

Hapa tunalinganisha njia hizo tatu kwa nyumba ya kuishi, ya chini au ya ghorofa moja, katika mazingira ya Dar es Salaam na miji inayofanana nayo: njia za mtaani nyembamba, mchanga wa lori, maji ya boza au kisima, na jua linaloanza kuuma saa 3 asubuhi. Kipimo chetu kikuu ni muda unaopita tangu maji yaguse saruji hadi zege litulie mahali pake, pamoja na mtu aliyeshika ndoo ya maji. Bei ipo, tutaifikia, lakini ukianza nayo utachagua vibaya.

Jua kwanza unamwaga kiasi gani

Urefu mara upana mara unene, vyote kwa mita, unapata mita za ujazo, au kyubiki kama zinavyoitwa saiti. Jamvi (sakafu ya zege iliyo juu ya ardhi) la mita 12 kwa 9 lenye unene wa sentimita 10 ni kyubiki 10.8. Slabu ya mita 10 kwa 8 yenye unene wa sentimita 15 ni kyubiki 12. Ongeza bimu zinazoning'inia chini yake, tuseme kyubiki 3, jumla 15. Mkanda wa mita 40 juu ya kuta, upana sentimita 23 na kina sentimita 20, ni kyubiki 1.84. Nguzo moja ya sentimita 23 kwa 23 yenye urefu wa mita 3 haifiki hata kyubiki 0.16.

Tazama tofauti hiyo kabla ya kuendelea. Nguzo inakula mfuko mmoja wa saruji na robo hivi, slabu inakula zaidi ya mifuko 120. Hizi si kazi za aina moja, hata kama fundi ni yuleyule.

Uwiano nao hutofautiana. Kwa slabu, bimu na nguzo, michoro mingi ya nyumba huandika C25, yaani daraja la nguvu ya zege, na saiti hufuata 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto, kwa ujazo) kwa saruji ya daraja la 42.5. Jamvi la nyumba ya chini hupewa 1:2:4. Zege jembamba la kusawazishia chini ya msingi ni 1:3:6 au dhaifu kidogo kuliko hapo. Ukiona mchoro wa siku hizi umeandika C20/25, usidhani ni madaraja mawili ya kuchagua: namba ya pili ni nguvu ya zege likipimwa maabara kwa kipande cha mchemraba na ya kwanza ni kwa kipande cha silinda, zege ni lilelile.

Kyubiki moja ya 1:1.5:3 inahitaji mifuko 8 ya kilo 50, mchanga kyubiki 0.42, kokoto kyubiki 0.84 na maji lita 200 hivi. Kwa slabu yetu ya kyubiki 15, ukiongeza asilimia 5 ya upotevu, ni mifuko 126, mchanga kyubiki 6.6, kokoto 13.2 na maji zaidi ya lita 3,000, bila ya kuoshea na kumwagilia. Kyubiki moja ya 1:2:4 hula mifuko 6 na ushee.

Unene ndio unaovuruga hesabu hizi. Sentimita moja tu ya ziada juu ya mita 80 za mraba ni kyubiki 0.8, yaani mifuko 6 hadi 7 iliyopotea bila mtu kuiba. Vuta uzi juu ya mbao za slabu kutoka ukuta hadi ukuta na upime kushuka chini kila mita moja kabla nondo hazijafungwa. Wanaolalamika kwamba gari la kiwandani limewapunja, mara nyingi mbao zao zilibonyea katikati.

Maji yanapoharibu kazi

Saruji inahitaji maji yasiyozidi robo ya uzito wake ili ikaze. Yanayobaki tunayaweka ili zege litembee, na yakikauka yanaacha matundu. Kwa hiyo kwa zege la slabu tunalenga nusu ya uzito wa saruji: mfuko wa kilo 50, maji lita 25. Mtu akiongeza ndoo ya lita 10 ili koleo lisimchoshe, anapandisha uwiano kutoka 0.5 hadi 0.7, na theluthi moja ya nguvu, pengine zaidi, imekwenda. Kwa macho zege hilo linapendeza: linateleza, linajisawazisha lenyewe, juu linang'aa. Wiki moja baadaye ukilikwaruza kwa msumari linatoa vumbi.

Lita hizo 25 zinahesabu pia maji yaliyomo ndani ya mchanga. Mchanga uliolowa kwa mvua ya jana, wenye unyevu wa asilimia 5, unaleta karibu lita 4 kwa kila mfuko wa saruji wa 1:1.5:3. Basi unaanza na lita 21, unaangalia, ndipo unaongeza kidogo. Mchanga wenye unyevu pia huvimba: ukiupima kwa boksi unaweza kuwa umechukua mchanga pungufu kwa robo, zege likatoka lenye kokoto nyingi na matundu pembeni.

Sasa weka njia tatu ubavuni kwa ubavu. Kwa chepe, maji hupimwa kwa jicho la aliyechoka. Kwa mashine, yanapimika vizuri ikiwa kuna ndoo moja yenye alama na mtu mmoja tu anayeimwaga. Kwa gari, kiwanda kimeshapima mchanga kwa mizani na kurekebisha unyevu wake, na hatari imehamia getini kwako, pale fundi anapomwambia dereva "ongeza maji kidogo, limekuwa gumu".

Chepe

Kuchanganya kwa mkono hakustahili dharau kunayopewa na wauza zege. Kwa nguzo mbili tatu, ngazi za nje, vifuniko vya chemba, msingi wa nguzo za geti au kiraka cha jamvi, hakuna njia nyingine yenye maana. Masharti yake yanajulikana ila hayafuatwi.

Sehemu ya kuchanganyia iwe ngumu na safi: jamvi la zamani, mabati yaliyolazwa au karatasi nzito ya nailoni juu ya ardhi iliyoshindiliwa. Zege linalochanganywa juu ya udongo hubeba udongo. Mchanga na saruji vigeuzwe vikavu hadi rangi iwe moja, angalau mara tatu kutoka rundo hili kwenda lile. Kokoto ziingie baadaye, vigeuzwe tena, kisha pachimbwe shimo katikati na maji yaingie kidogo kidogo. Kwa sababu mkono hauchanganyi sawasawa, ongeza saruji asilimia 10: pale mashine ingetumia mifuko 10, wewe tumia 11.

Kipimo ndicho kidonda kikubwa. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35. Toroli la saiti likijaa hubeba lita 60 hadi 70. Fundi anayesema "mfuko mmoja, toroli mbili za mchanga, toroli nne za kokoto" anaamini anafanya 1:2:4, kumbe ametoka na kitu kama 1:3.7:7.4, zege la kusawazishia chini ya msingi. Tengeneza boksi la mbao lisilo na kitako, ndani sentimita 35 kwa 40, kina sentimita 25. Hilo ni lita 35 kamili. Lijaze, pitisha mbao juu kukata kilima, linyanyue. Ukikosa boksi tumia ndoo yenye alama ya lita 20: kwa 1:2:4, mfuko mmoja unaenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto.

Kasi: kundi la watu 8 hutoa kyubiki 3 hadi 5 kwa siku, na za jioni si sawa na za asubuhi. Slabu ya kyubiki 15 ingechukua siku tatu au nne. Kila jioni utaacha ukingo, na kila asubuhi zege jipya litagusa lililokwisha kukaza. Kiungo hicho ndicho kinachovujisha mvua miaka miwili baadaye, na ikiwa kimeangukia karibu na bimu, mahali slabu inapobeba nguvu kubwa ya kukatika, ni zaidi ya kuvuja. Slabu kwa chepe, hapana. Hapo hatuna la kujadiliana.

Mashine

Mashine ya zege, mikisa kwa wengine, inayokodishwa sana kwa nyumba ni ile ya mfuko mmoja. Mfuko wa 1:1.5:3 unaingia ndani kama lita 190 za vitu vikavu na kutoka kama lita 125 za zege. Hivyo mizunguko 8 ni kyubiki moja. Wakiwa wamejipanga, kundi hutoa mizunguko 10 hadi 12 kwa saa, yaani kyubiki 1.25 hadi 1.5. Jamvi la kyubiki 10.8 ni siku moja ya kazi bila wasiwasi. Slabu ya 15 ni saa 10 hadi 12 mfululizo bila mashine kuzima wala watu kukaa, na hapo ndipo pa kufikiri.

Mpangilio wa kuingiza: sehemu ya maji kwanza, kokoto, saruji, mchanga, kisha maji yaliyobaki. Saruji ikitangulia peke yake inaganda ukutani na kwenye mapanga. Baada ya vyote kuingia, hesabu dakika 2 kabla ya kumwaga. Wabebaji watakuharakisha, wasikilizwe kwa mambo mengine. Mzunguko wa kwanza wa siku huacha ute wake (rojo la saruji na mchanga) ndani ya pipa, basi uwekee kokoto pungufu kidogo, na zege lake lisiende kwenye nguzo. Kabla ya kulipa kodi, chungulia ndani: mapanga yaliyolika au yaliyofunikwa na zege gumu la saiti iliyopita huzungusha bila kuchanganya. Washa uisikilize. Uliza mkanda wa akiba wa injini uko wapi na nani anajua kuufunga.

Watu wanaohitajika huwashangaza wengi, maana mashine inachanganya tu, haibebi. Kyubiki 15 ni tani 36. Karai lenye lita 10 za zege ni kilo 24, kwa hiyo kuna safari 1,500 za karai kwenda juu. Panga wawili wa mchanga, wanne wa kokoto, mmoja wa saruji, mmoja wa maji asiyebadilishwa, mwendesha mashine, wanane wa kubeba au kupokezana kwenye kichanja, wawili wa kusambaza, mmoja wa vaibreta (mashine ya kutikisa zege litoe hewa) na wawili wa rula ya kusawazisha uso. Ni watu 22, na chakula chao.

Vaibreta usiisahau, na usikubali "tutagonga kwa nondo" kwenye slabu na bimu. Sindano yake inazamishwa wima, inakaa sekunde 5 hadi 15 mpaka mapovu yaache kutoka, inatolewa taratibu, inahamia sentimita 40 hadi 50 mbele. Haiburutwi kusukumia zege, kwa sababu inatenganisha kokoto na ute. Bimu isiyopigwa vaibreta vizuri utaijua siku ya kutoa mbao: chini ya nondo kuna uwazi wenye kokoto tupu kama sega la nyuki, na fundi tayari amekuja na karai la saruji kuziba kabla hujafika.

Kwa slabu kubwa, mashine mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa. Moja ikifa, nyingine inaendelea nusu mwendo na ukingo wa zege unabaki hai. Saruji ya 42.5 kwa kiwango chake haipaswi kuanza kukaza kabla ya dakika 60, na ya 32.5 kabla ya dakika 75, lakini kwenye jua na upepo wa pwani uso wa zege hukauka upesi zaidi. Ukiacha ukingo saa moja na nusu, zege linalofuata halitashikana nao. Basi kabla ya siku yenyewe mwambie mhandisi akuonyeshe mahali pa kusimama ikilazimu: theluthi ya kati ya upana kati ya bimu na bimu, ukingo wima uliozuiwa na ubao, kamwe si mteremko ulioachwa wenyewe juu ya bimu. Ubao huo uwe umeshakatwa.

Gari

Gari la kiwandani huleta kyubiki 6 hadi 8 na huzimwaga kwa dakika 20 hadi 30. Slabu yetu ni gari tatu. Ukiwa na pampu, kazi iliyoanza saa 1 asubuhi inakuwa imemwagwa kabla ya saa 5, zege lote ni la umri mmoja na hakuna kiungo. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, kuliko hata mizani za kiwandani.

Namna ya kuagiza ni muhimu kuliko bei uliyopewa. Taja daraja (C25 kwa mchemraba), ukubwa wa kokoto (milimita 20, maana kubwa zaidi hukwama kati ya nondo), mteremko wa koni unaotaka, yaani zege lishuke kiasi gani koni ya kupimia ikinyanyuliwa (milimita 120 hadi 150 kwa pampu, 75 hadi 100 kwa toroli), ujazo, na kama unataka dawa ya kuchelewesha kukaza. Kwa Dar, ambako foleni ya saa moja si habari, dawa hiyo iagize. Gari mbili za kwanza ziagizwe kamili. Ya tatu ithibitishe baada ya kupima sehemu iliyobaki, na ukumbuke karibu nusu kyubiki hubaki kwenye pampu na mabomba.

Gari likifika, soma karatasi ya dereva kabla ya kuruhusu chochote: daraja, saa ya kupakia, ujazo. Kanuni ya miaka mingi ni zege liwe limemwagwa ndani ya dakika 90 tangu maji yaingie, kiwanda kikiwa hakijaweka dawa inayoruhusu zaidi. Kisha pima koni. Ni koni ya bati yenye kimo cha milimita 300, chini 200, juu 100. Jaza tabaka tatu, kila tabaka lichome mara 25 kwa nondo ya milimita 16, nyanyua koni wima, pima zege limeshuka kiasi gani. Likishuka 220 wakati uliagiza 150, rudisha. Likishuka 60, mwite msimamizi wa kiwanda kwa simu, aamue kuhusu dawa ya kulegeza. Maji ya bomba lako hayaingii. Ukishaongeza maji, kiwanda kimetoka kwenye mkataba, na hata mchemraba ukifeli huna wa kumdai.

Gari linashindwa wapi? Kwanza, njiani. Gari lenye kyubiki 6 lina tani 14.4 za zege, na pamoja na uzito wake lenyewe linakaribia au kupita tani 25. Mabomba ya maji ya jirani yaliyofukiwa sentimita 20, kifuniko cha shimo la choo kilichofichwa chini ya mchanga, kona ya uchochoro: hivi vikaguliwe siku tatu kabla, kwa miguu, pamoja na mtu wa kiwanda. Pampu yenye mkono inahitaji nafasi ya kutandaza miguu na anga lisilo na nyaya za umeme. Masika, Machi hadi Mei, njia ya udongo mfinyanzi humeza gari, na zege linakaza ndani ya pipa wakati mnatafuta trekta.

Pili, kwenye mbao. Sentimita 15 za zege bichi ni kilo 360 kwa kila mita ya mraba, kabla ya kuhesabu watu na bomba. Mirunda iliyopangwa kila sentimita 75 inabeba kama kilo 200 za zege kila mmoja, na hiyo inavumilika ikiwa imesimama wima juu ya vipande vya mbao, si juu ya tofali lililosimamishwa. Kwa karai, mzigo huja polepole na mbao zikilia mnasikia. Pampu inaweza kurundika kyubiki moja mahali pamoja kwa dakika chache. Mtu mmoja abaki chini ya slabu pembeni akiangalia mirunda, na aliyeshika bomba asirundike.

Tatu, kwenye watu. Wenye nyumba hufikiri gari linapunguza vibarua hadi watano. Wabebaji ndio hupungua. Wasambazaji, rula na vaibreta huongezeka, kwa sababu kyubiki 6 zinakuja kwa nusu saa. Vaibreta ziwe mbili. Ute wa kwanza unaolainisha mabomba ya pampu umwagwe kando, usiingie kwenye bimu.

Bei, sasa

Bei ya kyubiki ya kiwandani huonekana kubwa kwa sababu unailinganisha na bei ya saruji tu. Linganisha hivi. Upande wa mashine andika mifuko 126, mchanga kyubiki 6.6, kokoto 13.2, usafiri wake, boza la maji, kodi ya mashine na vaibreta, mafuta, ujira wa watu 22, mlinzi wa usiku wa kulinda mifuko hiyo, na mifuko itakayopasuka au kulowa. Upande wa gari andika bei ya kyubiki mara 16, pampu (huwa na kiwango cha chini hata ukimwaga kidogo), malipo ya gari kusubiri, na uulize kama kodi ya ongezeko la thamani imo: Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18, Kenya 16, na kuwemo au kutokuwemo kwake peke yake kunaweza kugeuza uamuzi.

Ukifanya hesabu hiyo kwa mkanda wa kyubiki 1.84, gari halina nafasi, maana utalipia safari karibu tupu. Kwa jamvi la kyubiki 10.8 lililo ardhini, mashine mara nyingi hushinda, kwani zege linashuka kwa toroli, hakuna cha kupandisha, na siku moja inatosha. Kwa slabu ya 15 pengo hupungua sana, na unachonunua kwa pengo hilo ni slabu isiyo na kiungo. Kwetu hiyo ni biashara nzuri, pale gari linapofika.

| Kazi | Chepe | Mashine | Gari |
|---|---|---|---|
| Nguzo chache, chemba, ngazi ndogo | Inafaa, saruji +10% | Ikiwepo saiti | Hapana |
| Mkanda, lenta (kyubiki 1–3) | Kwa shida | Ndiyo | Hapana |
| Jamvi (kyubiki 8–12) | Hapana | Ndiyo | Njia ikiruhusu na muda ukiwa mfupi |
| Slabu chini ya kyubiki 8 | Hapana | Ndiyo, na ya akiba | Inafaa |
| Slabu ya kyubiki 10 na zaidi | Hapana | Mbili, kuanzia saa 12 asubuhi | Chaguo la kwanza |

Ikiwa gari haliwezi kuingia mtaani kwako, uliza pampu ya mabomba ya kulaza chini kabla ya kukata tamaa: gari linasimama barabara kubwa na zege linasafiri ndani ya mabomba hadi saiti. Mabomba yafungwe vizuri kwenye kona, na yafunikwe magunia yaliyolowa jua likiwa kali.

Mambo ambayo hakuna njia inayokuepusha nayo

Mchanga. Kama unachanganya mwenyewe, weka mchanga nusu chupa safi, jaza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha saa 3. Tabaka la tope juu likizidi asilimia 8 hivi ya kina cha mchanga, rudisha lori. Mchanga wa ufukweni hauingii kwenye zege lenye nondo, hata ukioshwa na mvua moja. Chumvi yake hula chuma. Kokoto ngumu za Lugoba na zile za mawe ya matumbawe za Kunduchi si sawa: za matumbawe hunyonya maji na hupasuka kirahisi zaidi, tuzibakize kwenye jamvi na vijia. (Wasomaji wa Kenya: kokoto hapa ni balasti yenu.)

Mchemraba. Kwa slabu, chukua michemraba 6 ya sentimita 15, mitatu ya siku 7 na mitatu ya siku 28, ichovywe kwenye maji safi, ipelekwe maabara. Zege la C25 lazima mchemraba ubebe kilonyutoni 562, sawa na tani 57 hivi, kabla ya kupasuka. Siku ya 7 tarajia theluthi mbili ya hapo. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kubomoa, na kundi linalojua kuwa michemraba inachukuliwa hupima maji kwa adabu zaidi.

Kumwagilia. Hapa slabu nyingi za gari huharibika, kwa sababu mwenye nyumba anaona ameshanunua ubora. Jioni ileile, uso ukishakuwa mgumu kiasi cha kidole kutozama, funika kwa nailoni au nyunyizia bila kuchimba. Asubuhi jenga kingo ndogo za mchanga pembeni na ujaze maji ya sentimita 3. Kwa mita 80 za mraba ni lita 2,400, na utaongeza kila siku kadiri yanavyokauka, siku 7 bila kukosa. Saruji yenye pozolana (unga kama majivu ya volkano uliochanganywa kiwandani) ipe siku 10. Nyufa nyembamba zinazotokea saa chache baada ya kumwaga, kabla hata zege halijakaza, ni za upepo na jua: ukiziona uso ukiwa bado laini zipigwe tena kwa ubao wa kulainishia, kisha funika mara moja.

Mbao za pembeni za bimu zinaweza kutoka baada ya siku moja au mbili. Mirunda ibaki siku 21 kama mhandisi hajatoa ruhusa ya mapema kwa majibu ya mchemraba. Wakati wa kuitoa, anzieni katikati ya slabu mkielekea kwenye kuta na bimu. Kwenye kibaraza kinachoning'inia ni kinyume: anzieni ncha ya nje mkirudi ukutani, mrunda mmoja mmoja, bila kugonga miwili kwa pamoja.